Sarafu za Kitovu

Asubuhi za Mpofi zimekuwa kimya upande ule wa barabara. Zamani, kabla pikipiki za kwanza hazijapita kuelekea Walikale, ulisikika mlio mwembamba nyuma ya duka la misumari, tiii, tiii, kama kifaranga aliyefunikwa kwa bati, na majirani wakajua Papa Nzanzu ameamka. Wengi walilalamika kwamba anawakatisha usingizi. Sasa mlio haupo, na hao hao waliolalamika wanachelewa shambani. Mlango wa duka umefungwa kwa kufuli, mbuzi wamejifanyia kitanda barazani, na mtu akipita hapo na ukungu wa mlima hugeuza shingo bila kukusudia, kama ulimi unavyolirudia pengo la jino.

Nzanzu aliingia Mpofi akiwa kijana, juu ya lori la mjomba wake lililotoka Butembo na magunia ya chumvi. Lori likarudi, yeye akabaki. Aliuza chumvi, sabuni, betri za redio, na zaidi ya yote misumari, kwa sababu katika nchi ya mbao na mvua hakuna nyumba isiyodai misumari kila mwaka. Alioa Mbambu, binti wa kwao, mwanamke wa maneno machache yenye uzito. Maisha yalikuwa yamekaa vizuri mpaka siku alipotoa pikipiki yake na kupokea, mahali pake, mashine ya kutafutia madini kutoka kwa mchimba dhahabu aliyekuwa amechoka na msitu na anataka kurudi kwao. Wachimbaji waliiita detekta. Ilikuwa fimbo ndefu yenye sahani chini na kisanduku juu, na ilipopita juu ya chuma ililia.

Mbambu aliitazama fimbo hiyo kwa muda mrefu.

"Baba Guylain," alisema, akimwita kwa jina la mwana wao mkubwa anayesoma Butembo, "pikipiki pia ilikuwa inalia. Lakini ile ilikuwa inatubeba."

Dhahabu hakuipata. Ardhi ya Mpofi ilimpa vifuniko vya bia, makopo ya sardini, vijiko, na misumari iliyopinda. Majirani walifurahi kupita kiasi. "Mchana anatuuzia misumari, asubuhi anaichimbua," walisema. "Mutu wa Butembo hapotezi kitu!" Nzanzu alicheka pamoja nao. Kuna watu ambao kuchekwa kunawakausha, na kuna wengine kunawanyeshea. Yeye alikuwa wa hawa wa pili.

Halafu asubuhi moja, palipokuwa na ghala la kahawa zamani, fimbo ililia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, sauti ya chini, iliyotulia. Alichimba akakuta sarafu za wakati wa Wabelgiji, nyeusi kwa udongo. Nyingine zilikuwa na picha ya tembo. Nyingine, zile ndogo, zilikuwa na tundu katikati. Alizisugua kwa jivu na ndimu, akazitunga kwenye kamba, akazitundika juu ya meza ya duka. Upepo ukiingia ziligongana, na Nzanzu aliacha hata kupima chumvi ili azisikilize.

Sauti hiyo ndiyo iliyomsimamisha Mama Léontine siku alipoingia kununua chumvi. Alikuwa mwanamke aliyekaribia uzee, mwenye mgongo ulionyooka, na begani alibeba godoro lililokunjwa. Alitoka Kitshanga, alikoishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi wa vita, chini ya turubai, na alikuwa anarudi kwao Kibua. Aliinua macho, akaiona kamba, akasahau chumvi.

"Papa, ile franga iko na tundu, uliitosha wapi?"

"Mu udongo, Mama. Mashine njo ilinionyesha."

"Mashine inaweza kuona franga chini ya udongo?"

"Inaona hata musumari. Musumari njo inapenda zaidi."

Léontine hakucheka. Aliweka godoro chini, akakaa juu yake, akaeleza.

Kule Kibua, watu walikuwa wanarudi mmoja mmoja, na kila aliyerudi alikuta msitu umekula kijiji. Nyumba ziliungua, karatasi ziliungua, alama za mipaka zilioza. Kwa hiyo kapita wa kijiji, Papa Byamungu, alirudi kwenye desturi ya wazee. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikishakauka na kuanguka, mama hukizika pamoja na kitu cha chuma na kupanda mgomba juu yake. Mahali hapo ni pake mpaka kufa. Kapita alitangaza kwamba kila mtu aonyeshe kitovu chake kilipo, na hapo ndipo atakapojenga. Asiyeonyesha atapewa pa kukaa kule bondeni, penye maji yanayotuama.

"Pa kwetu iko karibu na chemichemi," alisema Léontine. "Lakini jirani yetu, Michel, alirudi mbele yangu, akafyeka, akapanda maharagi. Anasema iko pa baba yake. Kapita atamaliza kugawa siku ya Mungu, Jumapili hii. Nikikosa kuonyesha, ni bonde, ao nirudi Kitshanga. Na mimi mu turubai sirudi."

"Na chuma ya kitovu chako ilikuwa nini?"

"Tulizaliwa mapasa. Mwenzangu hakukaa. Mama alifunga franga mbili za tundu na waya ya shaba, akatuzika pamoja. Alinieleza mara nyingi. Franga mbili, waya moja."

Nzanzu alimtazama Mbambu, aliyekuwa mlangoni na kila neno amelisikia.

"Enda," Mbambu alisema. "Siku moja fimbo yako itafute kitu chenye mutu analilia." Akamfungia ndizi za kuchoma kwenye jani.

Walifika Kibua jua likiwa limepanda. Habari ilikuwa imetangulia, na kando ya chemchemi watu walikuwa wamekaa kama wanasubiri misa. Kapita Byamungu alikuwa amevaa kofia yake ya kazi. Michel, mwanamume mpana mwenye sauti inayofika ng'ambo ya bonde, alisimama mbele ya kichaka kikubwa cha migomba na mikono kiunoni.

"Hii migomba iko ya baba yangu!"

"Iko ya mama yangu," alisema Léontine.

"Basi muulize migomba!" mtu mmoja alipiga kelele, na watu wakaangua kicheko.

Nzanzu alivaa detekta yake kwa adabu zote, kama padri anayevaa stola, akaanza kuzunguka shina la kila mgomba. Ilipolia, watu walinyanyuka. Msumari. Ikalia tena: kopo la sardini. Kisha kijiko, kisha ganda la risasi, ambalo hakuna aliyelicheka. Kapita alilichukua akalitia mfukoni. Walichimba mpaka mizizi ya migomba ikabaki wazi kama vidole vya miguu. Sarafu hapakuwa.

Nzanzu alitaka kushuka upande wa chini, kwenye shamba la maharagwe. Michel alimzuia.

"Apana! Maharagi iko na maua. Unakanyaga maua kwa ajili ya nini? Kitovu inazikwa chini ya mugomba, haizikwe mu maharagi. Mugomba ni hii. Tumechimba. Bwisha!"

Kila mtu alikubali, hata Léontine. Hapo ndipo walipokosea wote pamoja, kwa moyo mweupe kabisa. Walijua desturi kuliko walivyoujua mgomba. Léontine alikaa juu ya lundo la udongo, akapangusa viganja kwenye kitenge, akasema polepole kwamba labda mama yake alisahau. Nzanzu aliona aibu, kana kwamba ni yeye aliyemsahaulisha marehemu. Watu wakaanza kutawanyika. Kapita alisema ataamua kesho, lakini uso wake ulikuwa umekwisha kuamua.

Kilichobadilisha mambo kilitoka jikoni. Bénédicte, mke wa Michel, alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi, na jiko lake la muda lilikuwa hatua chache juu ya migomba ile. Alimletea mgeni sombe na ugali, kwa sababu ugomvi wa wanaume hauwezi kuwa sababu ya mgeni kulala njaa, na alipokuwa akiinama kuweka sahani alisema, kama mtu anayelalamikia mvua:

"Na hii migomba, kapita, mutanisaidia lini? Kila mwaka inanifukuza. Tulipofika ilikuwa kule chini ya lile jiwe. Leo iko mu jiko yangu. Nimehamisha mafiga mara ngapi!"

"Bénédicte, nyamaza," alisema Michel.

"Ninyamaze juu ya nini? Moshi inaunguza majani, majani inaangukia mu chungu."

Nzanzu aliacha tonge hewani. Yeye alizaliwa katika nchi ya migomba, na alikuwa mjinga mchana kutwa. Mgomba hauzai mahali pamoja. Mama huzaa, hufa, na mtoto huchipuka pembeni; mtoto naye huzaa, hufa, na mjukuu huchipuka mbele zaidi. Pasipo mkono wa mtu wa kuupogoa, mgomba hutembea. Unatembea taratibu mno hata anayeukesha haoni, lakini hausimami. Na huu ulikuwa umetembea tangu Léontine alipokuwa mtoto mchanga, ukipanda mlima, ukiacha nyuma yake kile ulichopewa kulinda.

"Mama Bénédicte," aliuliza, "inatoka chini inapanda juu?"

"Inatoka chini. Inakuja kula kwangu kama shemeji."

Watu waliokuwa wanaondoka walirudi. Michel alijiweka mbele ya maharagwe yake, mikono imetanuliwa kama anayezuia kuku.

"Nilisema, hapa hakuna mutu anapita! Maharagi yangu!"

Bénédicte alijifuta mikono kwenye kitenge.

"Yako? Nani alilima? Nani alipanda? Nani alifukuza ndege? Wewe ulifyeka, mara moja, ukalala siku mbili. Maharagi iko ya mwanamuke mwenye kuipanda, hata baba yako alijua vile. Papa wa mashine, pita. Lakini uangalie miguu."

"Bénédicte! Unaniuzisha?"

"Nikuuzishe? Nani atakununua?"

Kicheko kilichopanda hapo kiliwatoa ndege kwenye miti. Hata kapita alivua kofia akajipepea nayo. Michel alibaki na mikono yake juu, kisha akaishusha, kwa sababu mikono iliyoinuliwa inachoka haraka watu wakicheka.

Nzanzu alishuka katikati ya mistari, akiinua miguu kama korongo. Kwanza kimya. Jiwe la Bénédicte likawa nyuma yake, bado kimya. Kisha detekta ikatoa ile sauti ya chini, iliyotulia, aliyoijua kutoka ghala la kahawa. Alipiga goti, akatoa koleo lake.

"Simama!" alisema kapita. "Si mukono wako."

Maana desturi ina upande wake wa pili: kitovu hakiguswi na mgeni. Nzanzu, aliyezoea kuchimba kabla mlio haujaisha, alirudi nyuma na kuifunga mikono yake mgongoni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya na mashine ile.

Léontine alichimba kwa vidole. Alichimba polepole, kama anayemvua mtoto nguo akiwa amelala. Udongo ukawa mweusi, laini. Kisha akasimamisha mkono, akainua kiganja. Waya ulikuwa umegeuka kijani, umekuwa mwembamba kama unywele mahali pamoja, lakini haukuwa umekatika. Sarafu mbili za tundu zilikuwa zimeshikana uso kwa uso.

Hakulia. Alizisogeza karibu na mdomo wake, akasema jambo kwa Kinyanga, kwa sauti ndogo. Wale waliokuwa karibu hawakutaka kusimulia alichosema, na Nzanzu, asiyejua lugha hiyo, hakuuliza. Baadaye alizirudisha shimoni, akafunika, akakandamiza kwa kiganja. Kapita alichomeka kijiti hapo. Ardhi ikawa imesema.

Michel alikaa chini kati ya maharagwe ya mke wake. Alionekana ghafla mdogo kuliko sauti yake.

"Baba alinionyesha hapa na kidole," alisema. "Nilikuwa mutoto. Pengine kidole ilikuwa inapita mbele. Sikudanganya, Mama Léontine."

"Najua. Ungekuwa unadanganya, ungekuwa umeng'oa hii maharagi na ungejenga hapa zamani."

"Basi maharagi…"

"Bénédicte avune kwanza. Nitajenga akisha kuvuna. Na tutakula pamoja, mimi nimechoka na maharagi ya kambi, ya kupimiwa na kopo."

Michel alifikiri. Kisha akamgeukia Nzanzu, na sauti yake ikarudi yote kwa mara moja.

"Na mimi? Mimi nilianguka toka juu? Mimi pia mama alinizaa! Tafuta yangu!"

Waliitafuta kesho yake, wakifuata upande ambao kidole cha baba yake kingeweza kuwa kilielekea, ng'ambo ya kijito, katika kichaka ambacho hakuna aliyekifyeka. Safari hii Nzanzu hakuanza kwenye migomba. Alianza mbali nayo, kutoka upande wa chini. Mashine ilipolia, Michel alichimba mwenyewe: ilikuwa sarafu kubwa yenye tembo. Michel aliishika juu ili kila mtu aione, akapiga kelele kwamba mama yake hakuwa mwanamke wa sarafu ndogo, na Bénédicte akasema kitovu kikubwa namna hiyo hakika kilihitaji tembo wa kukibeba.

Kabla ya jioni, mwanamke mmoja kutoka kijiji cha juu alimshika Nzanzu mkono. Wao nao walikuwa wamerudi, na migomba yao nayo ilikuwa imetembea. Nyuma yake alisimama mzee na binti yake. Nzanzu alituma ujumbe Mpofi kwamba atachelewa siku chache. Mbambu alijibu kwamba siku chache za mtu mwenye fimbo anazijua, na akaanza kufunga vyombo.

Nzanzu yuko Kibua. Kapita Byamungu alimpa kiwanja juu ya njia ya chemchemi, na amejenga hapo nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, anamoishi na Mbambu.