Karatasi Mbili za Hedwiga

Ukitafuta mtu wa kumsema vibaya huko mlimani Mamba, Hedwiga umruke. Hana ugomvi na mtu. Watu walipong'oa kahawa ili wapande tangawizi, naye aling'oa, ingawa yake ilikuwa bado inazaa. Walipoanza kuezeka bati za bluu, akaezeka za bluu, na rangi hiyo haipendi hata kidogo. Msaragambo wa kutengeneza barabara ukiitwa, yupo na jembe lake. Kwaya ikishona sare, wa kwanza kupimwa ni yeye. Hata mumewe alipofariki, shemeji zake walimwambia asilie sana, akaacha kulia siku hiyohiyo. Mtu wa watu, ndivyo wanavyosema, nami sibishi.

Kingine alichojaliwa ni mwandiko. Herufi zake zimesimama sawasawa kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Barua za posa, za ubatizo, za kumwomba mwalimu ruhusa, zote huandikwa na yeye. Ndiyo maana siku ile ya mkutano Erasmo alikuja kukaa karibu naye.

Erasmo alikuwa mbeba magunia. Kwao ni Kasulu. Alipanda mlimani miaka minne iliyopita akitokea kwenye mashamba ya mkonge kule chini, akawa anachimba tangawizi za watu na kuzibeba mpaka barabarani. Hakusoma. Hedwiga alimpa kipande pembeni mwa shamba lake, naye akapanda matuta sita ya tangawizi, ya kwanza kuwa yake maishani. Kila asubuhi aliyapitia kabla ya kwenda vibaruani. Alisema yakikomaa atajenga, aoe, azeekee hapohapo Mamba.

Kisha wizi ukaanza. Mtu anaamka, anakuta matuta yamefukuliwa na majani yametupwa. Ulianzia kwa mzee Fanueli, ukaja kwa Mama Jenifer, ukaja kwa katekista. Hakuna aliyemwona mwizi. Lakini wiki ya pili watu walishaanza kusema "yule wa kuja", na wiki ya tatu hawakuhitaji kusema hata hivyo. Hedwiga aliyasikia bombani, akayasikia mashineni, akayasikia baada ya misa. Kila aliyemwambia naye alikuwa ameambiwa. Mara ya kwanza alijibu, "Huyo namjua, hawezi." Wakamtazama, wakageukiana. Mara ya pili alijibu, "Sijui." Ya tatu akatikisa kichwa pamoja nao.

Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha kura ya siri. Kila kaya karatasi moja: uandike jina la unayemshuku, ukunje, utumbukize kwenye ndoo. Atakayezidi kura atahama. Kaya zilikuwa arobaini na nne, na Erasmo naye alihesabiwa, maana alikuwa na chumba chake.

"Shikamoo, mama," alimwambia Hedwiga, karatasi mkononi.

"Marahaba, Erasmo."

"Naomba uniandikie. Mimi na kalamu hatujuani."

"Nikuandikie nani?"

Erasmo aliangalia huku na huku. "Mimi sijamwona mtu, mama. Ila nikiweka tupu watasema nina langu jambo. Niandikie huyohuyo mnayemwandika nyie."

Hedwiga alikuwa ameshaandika yake. Angeweza kuandika chochote pale, hata jina la mbuzi wa mzee Fanueli, na Erasmo asingejua. Lakini kulia kwake Mama Jenifer alikuwa amenyoosha shingo, anaangalia kalamu inaelekea wapi. Basi akaandika Erasmo, kwa mwandiko wake uleule mzuri, akaweka na nukta. Erasmo aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuitumbukiza mwenyewe.

Mwenyekiti akasoma. Erasmo. Erasmo. Erasmo. Alisoma mpaka sauti ikamkauka. "Arobaini na nne," akasema.

Halafu Mama Jenifer akasimama. "Jamani, hata mwenyewe kajiandika! Si amekiri huyo?"

Kelele zikalipuka. Erasmo hakuwatazama wao. Alimtazama Hedwiga.

"Mama, uliniandikia nini?"

Neno moja tu lingetosha. Angesema, "Nimeandika mimi," na kile kilichoitwa kukiri kingekwisha palepale. Hedwiga alisubiri mdomo wake ufunguke. Haukufunguka kwa neno hilo.

"Ulichoniambia," alisema.

Na haukuwa uongo, ndilo linaloniudhi mpaka leo. Erasmo aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia. Jua halijazama alikuwa juu ya bodaboda anashuka Same, begi mgongoni na jembe mapajani. Kabla ya kupanda alisimama kwenye matuta yake. Hakuyachimba, yalikuwa hayajakomaa.

Siku zilizofuata watu walikuja kwa Hedwiga mmoja mmoja. Mzee Fanueli alisema, "Unajua mimi sikuwa na hakika, ila niliona wenzangu wote..." Katekista akasema hivyohivyo. Mama Jenifer naye alisema hivyohivyo, na kiapo juu yake. Hedwiga aliwaitikia wote, "Ndiyo." Alipika, aliimba kwaya, alikunywa chai bila kujua kama ina sukari. Asubuhi alipalilia matuta ya Erasmo, na hakuna aliyemtuma. Binti yake Careen alimpigia simu kutoka Same.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu."

"Una huzuni?"

Alijitafuta kidogo, kama mtu anayepapasa pindo la kanga aliloamini amefungia kitu. Hakukuta kitu.

Mwezi wa pili tangu aondoke, matuta yale sita ya Erasmo yalifukuliwa, yote. Majani yalitupwa njiani kama mara zote. Kila mtu aliona, na kila mtu alielewa. Hakuna aliyesema turudi nyuma, au mtu atumwe Same kumtafuta Erasmo. Mwenyekiti aliitisha mkutano mwingine, ndoo ikawekwa palepale.

Mama Jenifer alimsogelea Hedwiga. "Tunaandika Method, eh? Yule wa bodaboda. Siku hizi amenunua simu mpya."

"Eh," Hedwiga alisema. Akainama, akaandika, akakunja.

Mwenyekiti akaanza kusoma. Method. Method. Method. Method. Kisha akasita, akaigeuza karatasi, akaiinua watu waione. Mwandiko ule kila mtu aliujua.

"Hedwiga," alisoma.

Hedwiga alisimama. Mkono ulikuwa umemsaidia kufika nusu ya njia. Iliyobaki ilikuwa ya mdomo. Alikuwa na maneno manne tu: ile karatasi niliandika mimi.

Mwenyekiti akacheka. "Mama Careen! Umeandika jina lako kama kwenye daftari la shule! Tumeulizana mwizi, hatujaulizana wewe nani!"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Mzee Fanueli alijipangusa machozi. Mama Jenifer alimpiga begani na kumvuta kanga akae. Hedwiga aliwatazama wote wanavyocheka, akakaa, naye akacheka.

Mwenyekiti aliiweka karatasi yake pembeni, kwenye zilizoharibika, akachukua nyingine.

"Method," akasoma.