Matanga Tuliyoyaharakisha

Siku tuliyofanya matanga ya mwisho ya shemeji yangu, ng'ombe alichinjwa, wazee wakazunguka vyungu vitatu vya pombe ya malwa na mirija yao, na dada yangu, mjane ambaye kwa ajili yake tulifanya yote hayo, hakutoka chumbani.

Kwetu Molo, karibu na Tororo, mtu huzikwa kwanza. Lumbe, yaani matanga ya mwisho, huja baadaye sana, ukoo ukishavuna na kukubaliana siku. Mpaka hapo mjane ana haki ya kulia, kukaa chini, kuacha jiko lizimike. Baada ya hapo huoga, huvaa nguo mpya na kurudi kazini.

Shemeji alikufa wakati wa palizi. Kabla mahindi hayajakauka shambani, dada alikuwa ameacha kuvuka mpaka kwenda Busia ya Kenya, alikokuwa akiuza maharagwe. Nilimkuta mara kadhaa ameshika ungo mapajani, mkono umelala juu ya maharagwe, hachambui. Nilimwuliza anawaza nini.

"Siwazi kitu," alisema. "Ndiyo shida."

Ni mimi niliyesema tuharakishe lumbe. Nafanya kazi ya ukarani kwa wakala wa forodha. Lori likikwama mpakani, natafuta karatasi iliyokosa muhuri. Niliamini dada naye amekwama hivyo. Wazee walisita, kwa kuwa hata mtama wa pombe ilibidi tuununue, lakini nikawashinda kwa maneno.

Basi siku ile wifi yake, dada wa marehemu, alisimama mlangoni jasho likimtoka kwa kucheza.

"Wifi, toka! Ama wewe unangoja gari ya bibi harusi?"

Wanawake nyuma yake wakacheka.

"Maji iko tayari, nguo mpya iko hapa. Sisi tumecheza mpaka miguu imeisha, na mwenye shughuli amelala!"

Dada alijibu kutoka ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayejibu salamu. "Nyinyi malizeni, wifi. Mimi bado."

Wakamaliza. Vyungu vikaoshwa, turubai likakunjwa. Wiki ile ile wale waliokuwa wakimletea uji wakaacha kuja. Nilimsikia jirani mmoja kisimani akisema mjane yule amezoea kuhudumiwa. Hapo nikaelewa nilichofanya. Dada alikuwa amebakiwa na ruhusa ya kuhuzunika, na mimi ndiye niliyeisukuma ifike mwisho.

Nilimpeleka hospitali mjini Tororo. Muuguzi, mama wa makamo, alimwuliza kuhusu usingizi, chakula, kazi. Hakuharakisha. Alisema huu ni ugonjwa, si uvivu wala si uchawi, una dawa, na dawa yenyewe huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana. Kisha akauliza, "Mama, kuna wakati unafikiria kufa, ama kujiumiza?"

Dada alinitazama mimi kwanza. Ndipo akasema, "Hapana."

Muuguzi aliandika.

Nimehamia kwake tangu siku hiyo. Kazini naondokea hapa alfajiri, na wifi yake hushinda naye mpaka nirudi. Hajamtania tena. Dada humeza vidonge mbele yangu kila asubuhi. Juzi alioga bila kuambiwa, akala yai, akaniambia shati langu limechanika kwapani. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Jana hakuinuka kitandani.

Alhamisi tunarudi hospitali, wiki ya tano ya dawa. Nimeamua kumwomba muuguzi amwulize tena, mimi nikiwa nje. Sijui angejibu nini siku ile kama nisingekuwa nimekaa pale. Ningeweza kumwuliza mwenyewe. Tunakula sahani moja. Kila jioni naweka chakula mbele yake, nafungua mdomo, halafu namwuliza kama chumvi imetosha.