Upepo Uliokuwa na Kwikwi

Siku ile naikumbuka kwa mikono ya bibi yangu, mwanangu, ingawa mimi nilikuwa mbele ya kompyuta na yeye alikuwa uani akipeta mchele. Ilikuwa Igoma, miaka ile ya tisini vitu vya nje vilipoanza kuingia kwa wingi, na mjomba wangu Masanja alikuwa amefungua studio ya kurekodi kwaya katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mimi nilikuwa binti niliyeishia darasa la saba, mwenye aibu, nisiyeweza kumtazama mteja usoni. Lakini mgeni mmoja aliyekaa kwetu miezi miwili alinifundisha programu ya muziki isiyoandikwa kwa maneno. Unachora visanduku kwenye kioo cha kompyuta, unaviunganisha kwa mistari, na namba zinapita humo kama maji mferejini hadi kwenye kinanda. Alipoondoka alituachia kompyuta, na aliyeielewa nikawa mimi peke yangu. Nusunusu.

Kwaya moja ya Sengerema ilitaka kurekodi wimbo wa dhoruba ziwani. Walitaka upepo uvume chini ya sauti zao mwanzo hadi mwisho, ukipanda na kushuka wenyewe. Upepo wa kweli tulishindwa kuunasa kwa sababu ya malori ya pamba barabara ya Musoma. Kinanda kilikuwa na sauti ya upepo, ila mjomba angekuwa kwenye gitaa na mimi kwenye mashine ya kurekodi. Mkono wa kukiongoza haukuwepo. Mjomba akaniuliza kama kompyuta inaweza. Nikasema inaweza. Siku mbili baadaye akauliza kama iko tayari. Nikasema iko tayari.

Haikuwa tayari, mwanangu. Niliogopa tu kusema sijui, watu wasije wakasema ndiyo matokeo ya kumpa darasa la saba kompyuta. Kwa neno langu hilo mjomba akawaita wanakwaya, na asubuhi ya siku ile walikuwa wameshapanda kivuko. Akanisogelea, akasema bila kupandisha sauti, "Hawa wameacha mashamba yao kwa ajili ya huo upepo. Ukiniaibisha, kesho unarudi Magu ukachume pamba na mama yako." Akaenda kuwapokea.

Nilikuwa na kisanduku kimoja kinachotoa namba yoyote kwa kubahatisha, kuanzia sufuri hadi mia moja ishirini na saba, na kingine kinachokiamuru kwa mapigo kama saa. Namba ndogo, upepo unanong'ona; namba kubwa, unalia. Lakini kila namba haikuwa na habari na iliyotangulia. Tatu, mia na kumi, arobaini, sufuri. Nikapunguza mapigo, upepo ukawa unatulia kisha unashtuka, kama mtu anayebamiza milango. Nikayaongeza, ukawa mvua ya mawe. Jasho likanitoka hadi kipanya kikawa kinateleza mkononi.

Bibi Kabula akasimama mlangoni na ungo wake.

"Huyo mnayempulizisha humo ndani ana kwikwi?"

Badala ya kucheka nikalia, nikamweleza yote, na ule uongo pia. Hakunibembeleza. "Kwa hiyo umewavusha watu ziwa kwa kitu usichonacho," akasema. Kisha akaniita uani, nimtazame mikono. Upepo ulipokuwa mdogo alimimina mchele kutoka juu, pumba zikapeperuka pembeni. Ulipozidi, alishusha ungo. Mikono ilipanda na kushuka bila kushtuka.

"Upepo hupandia pale ulipokuwa," akaniambia. "Ungekuwa unaruka kama huo wako, mchele wangu wote ungekuwa kwa jirani."

Nikarudi ndani mbio. Nikachora kisanduku cha kukumbuka namba iliyopita. Kile cha kubahatisha nikakinyima uhuru wa kutaja namba yoyote. Nikakiachia kuchagua hatua ndogo tu, mbili juu, moja chini, na hatua hiyo ijumlishwe kwenye ile namba iliyokumbukwa. Upepo ukaanza kutembea. Baada ya muda ukapanda hadi kileleni ukang'ang'ania huko. Nikaweka ukuta kila upande, namba ikiugusa irudishwe. Nikafungua sauti, nikachungulia dirishani.

Bibi alikuwa amekaa kupumzika, ungo mtupu mapajani. Mikono ikaanza kuuinua, polepole, kisha kuushusha. Alipojigundua akacheka peke yake.

Wakati huohuo nikasikia wanakwaya getini. Nikamwita mjomba pembeni, nikamtazama usoni. "Mjomba, nilikudanganya. Imekuwa tayari sasa hivi." Akasikiliza upepo kwa muda mrefu. Akamtazama mama yake kule uani. "Washa mashine," akasema.

Walipokuwa wanaimba, mwalimu wa kwaya aligeuka kuhakikisha dirisha limefungwa.

Ninalokusihi, mwanangu, ni hili. Ukiulizwa kama kazi iko tayari nayo haiko, sema haiko, na useme imefika wapi. Mimi nilitaka kuruka kutoka kutojua hadi kusifiwa, kama zile namba zangu. Wewe anzia hapo ulipo, hata kama ni darasa la saba, ongeza kidogo, na kesho anzia ulipoishia. Na anayeujua upepo kwa mikono yake muulize, hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Mungu akujalie mwendo usiokatika. Na siku utakayokwama, asikosekane mtu mlangoni pako wa kukuuliza kama una kwikwi.