Wambeti Aliyepeleka Samaki Wabichi Mizanini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi lango la kijiji linafunguliwa, na Wambeti ndiye wa kwanza kutoka. Mkononi ana panga, kichwani debe tupu, na kifuani, ndani ya kitambaa alichokifunga mafundo mawili, ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Askari wa langoni hajisumbui kuiomba. Ameiona mara nyingi mno.

"Haya, mama samaki, pita," anasema, na Wambeti huyo anaondoka.

Karatasi hiyo ni lisensi ya uvuvi, na inasema mambo mawili. La kwanza, mwenyewe anaruhusiwa kutoka kijijini kwenda mtoni kila siku isipokuwa Jumapili. La pili, asivue zaidi ya ratili mia mbili kwa wiki za samaki wabichi. Maneno "samaki wabichi" yameongezwa kwa wino mwekundu, na anayelaumiwa kwa wino huo, kuanzia hapa hadi kivukoni, ni Wambeti.

Katika siku hizi za Hali ya Hatari, usidhani wenzake wanamwonea wivu kwa samaki. Wanaonea wivu ile ruhusa ya kutoka. Nyuma yake wanawake wa kijiji wanapangwa mistari waende kuchimba matuta mpaka adhuhuri, bila malipo. Mwenye lisensi hachimbi. Wambeti ana umri wa miaka thelathini na sita na watoto wanne, na mumewe, Munyi, yuko kizuizini tangu mwaka 1954. Bila karatasi ile, angekuwa ndani ya uzio pamoja na njaa ya watoto wake.

Ndiyo maana jambo alilolifanya mwezi wa saba mwaka huu wa 1957 liliwashangaza wengi, na wengine mpaka leo wanasema alirukwa na akili.

Mtoni anarusha jiwe kwanza. Hapa ni chini kabisa ya nchi ya Wambeere, kwenye mto Tana ambao wenyeji huuita Thagana, na mamba hawana adabu. Anasubiri, anaangalia maji, anarusha jingine. Akiridhika, anaingia mpaka magotini na kuvuta mgono wa kwanza, kikapu kirefu cha fito ambamo samaki huingia kwa urahisi na kutoka hawezi.

Ndani mna kambare watatu. Wawili anawatia debeni. Wa tatu ni mdogo, urefu wa kiganja, na Wambeti anamrudisha majini huku akimsema kama mtoto aliyetoroka shule.

"Mwaka jana singerudisha," ananiambia bila kuona haya. "Mwaka jana nilikuwa nabeba mpaka wale wa kidole. Mimi ndio nilimaliza hii mto, na hao wavuvi wengine wanane. Usiandike ati mimi ni mzuri."

Nimeandika alivyosema.

Wambeti hakukulia kwenye uvuvi. Wazee wa kwao humhesabu samaki kuwa ndugu ya nyoka, na mama mkwe wake, Wanjugu, alikataa katakata chungu cha samaki kisiingie nyumbani. Mpaka leo chungu hicho hulala nje. Kusuka mgono alifundishwa na mama mmoja Mkamba wa ng'ambo ya mto, ukame wa mwaka 1955 ulipomaliza mbuzi.

Machi mwaka uliofuata serikali ilitaka samaki wa kulisha kambi za wafanyakazi wanaochimba mifereji ya mpunga. Zikatolewa lisensi tisa, kila moja ratili mia moja kwa wiki. Afisa wa uvuvi, ambaye kila mtu anamwita Bwana Samaki, alieleza kwenye baraza kwamba kipimo hicho ni cha kuulinda mto usiishe. Watu wakapiga makofi. Kisha akapanda gari lake na kwenda zake, na kazi ya kupima akamwachia karani.

Karani huyo ni Njuki, kijana mpole wa Kianjokoma, ambaye kabla ya hapo alikuwa akipima maharagwe na mbaazi kwenye soko la mazao. Sasa huko sokoni sheria ni moja. Mazao hupimwa makavu. Ukileta maharagwe yenye unyevu, unarudishwa nayo nyumbani ukayaanike. Njuki alikuwa hajawahi kumgusa samaki maishani mwake, akawapima kama mbaazi. Jumamosi wavuvi walileta samaki waliokaushwa kwa moshi, akawatundika kwenye mizani, akaandika.

Hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza? Wavuvi wote tisa ni wakulima, na karani ni mtoto wa mkulima. Kwa watu hawa kitu kibichi bado si mazao.

"Mimi mwenyewe niliona ni sawa kabisa," anasema Njuki, na masikio yanamwiva kidogo. "Nani anapima kitu ikiwa na maji?"

Kwa miezi kumi na mitano mambo yakaenda hivyo. Wambeti alikuwa akirudi nyumbani na shilingi ishirini kila Jumamosi. Alinunua blanketi, akalipa karo ya watoto wawili, akamnunulia Wanjugu shuka jipya, ambalo bibi alilipokea bila kuuliza limetoka wapi.

Halafu mgono ukaanza kutoka mtupu. Kambare wa urefu wa mkono wakawa wa shibiri, kisha wa kiganja. Wambeti aliongeza migono kutoka sita hadi kumi na miwili, na bado ilimchukua wiki nzima kujaza ratili zake. Wenzake walisema ni mamba. Wengine walisema ni dawa ya Wakamba.

Mwezi wa sita, akiwa amebaki na samaki mmoja mkubwa, alimpitia Njuki na kumwomba ampime hivyo hivyo, mbichi. Njuki alimfungia kwenye gunia ili asimguse. Ratili nane. Wambeti akaenda naye nyumbani, akamkausha kwa siku tatu, akamrudisha kwenye mizani ile ile. Ratili mbili.

"Nikakaa chini," anasema. "Hapo hapo chini ya mizani, nikakaa. Nikaona hii mia moja yetu si mia moja. Ni mia nne. Kila mtu. Kila wiki. Na muhuri ya serikali iko juu yake."

Alikwenda kwa Kithaka, mkubwa wa wavuvi, mtu wa miaka hamsini aliyekuwa wa kwanza kupewa lisensi. Kithaka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza swali moja.

"Mke wa Munyi, nani mwingine anajua hii maneno?"

"Mimi na wewe."

"Basi imetosha. Funga mdomo."

Sababu yake haikuwa ya kijinga. Kusema ni kukiri. Wote tisa walikuwa wamevuka kipimo kwa zaidi ya mwaka, na lisensi imeandikwa wazi kwamba atakayevuka atanyang'anywa. Anayenyang'anywa hapotezi samaki peke yake. Anarudi ndani ya uzio.

Wambeti hakulala vizuri wiki mbili. Aliwaangalia watoto, akaangalia mto. "Nikinyamaza, nitakuwa na karatasi na hakuna samaki," anasema. "Nikisema, labda hakuna karatasi, lakini samaki watakuwako. Karatasi wanaweza kuandika ingine. Samaki nani ataandika?"

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, wenzake walipofika mizanini na matita yao makavu, Wambeti alifika na madebe mawili ya samaki wabichi, wengine wakitapatapa. Njuki aliruka nyuma ya meza. Watu wakacheka. Kicheko kikaisha Wambeti alipomwambia, mbele ya wote, "Karani, pima hawa. Na uandike kwa hiyo kitabu kwamba ni wabichi."

"Lakini mama, hii si njia yetu."

"Njia yetu ndiyo imemaliza samaki. Pima."

Njuki, na hapa inabidi nimpe haki yake, alipima. Kisha akaandika barua kwa Bwana Samaki, akaeleza kosa lake mwenyewe kwanza.

Usiku huo migono minane ya Wambeti ilikatwakatwa. Hamtaji aliyeikata. Alipoulizwa kama anamjua, alisema fito za kusuka mingine ni nyingi msituni, akaendelea na kazi.

Baraza liliitishwa mwisho wa mwezi. Bwana Samaki alikuja na mizani yake mwenyewe na uso mwekundu. Alimwuliza Wambeti amejua jambo hilo tangu lini. Angeweza kusema tangu wiki ile. Akasema, "Tangu mwezi wa sita, na nilivua wiki tatu nikijua."

Kwa wiki hizo tatu alinyang'anywa lisensi miezi miwili. Yeye peke yake. Wenzake wanane walidai hawakujua lolote, Kithaka akiwemo, wakaachiwa na onyo. Hapo ndipo wino mwekundu ulipoingia: ratili mia mbili, samaki wabichi, kwa kila lisensi. Yaani nusu ya walichokuwa wakivua kweli.

Haikuwa haki, na simlaumu msomaji akikasirika. Mimi nilikasirika. Wambeti alipolisimulia hili alikuwa akifunga kamba ya mgono, na hakuinua kichwa.

Agosti na Septemba nzima alichimba matuta. Watoto walikula mtama na mboga za porini, na wale wawili walikaa nyumbani bila shule. Wanawake wengine kwenye mstari walimcheka siku za mwanzo, kisha wakachoka kucheka, na mmoja akaanza kumwachia sehemu yenye udongo laini. Jioni alikaa nyuma ya nyumba akisuka. Siku lisensi iliporudi, alikuwa na migono kumi mipya.

Sasa anarudi nyumbani na shilingi kumi badala ya ishirini. Mtoto mmoja amerudi shuleni, wa pili anasubiri Januari. Kithaka hamsalimu, lakini migono yao iko hatua thelathini tu mmoja kutoka kwa mwingine, na wiki nzima niliyokaa hapa alikuwa akimchungulia. Anataka kumfuma amevuka kipimo. Ingekuwa raha yake kuu.

Ijumaa, siku yangu ya mwisho, mawingu ya mvua za Oktoba yalikuwa yameshuka mpaka vilimani. Wambeti alikuwa na ratili mia moja tisini na tano kwenye kitabu cha Njuki, ambaye sasa hupima kila jioni. Zimebaki tano. Akavuta mgono wa mwisho, ukawa mzito. Akaita nimsaidie.

Ndani alikuwamo kambare mmoja, mnene, wa urefu wa mkono wa mtu mzima. Hajamwona wa aina hiyo tangu yule wa mwezi wa sita. Alimwinua kwa mikono miwili, akampima hivyo, akasema, "Nane." Kisha akambonyeza tumboni polepole kwa kidole gumba, na mayai ya kijani yakatokeza.

Kithaka alikuwa amekwisha kufika, amesimama ndani ya maji, suruali imekunjwa.

"Umepita," akasema.

"Bado sijapita. Niko naye mkononi."

"Mimi nimebakisha kumi na moja. Nipe mimi. Ni halali."

Na ilikuwa halali, hilo hata Wambeti hakulibisha. Kipimo kinasema ratili. Hakisemi lolote juu ya mayai.

Wambeti aliinama na kumweka samaki majini. Lakini samaki alikuwa amelegea kwa kukaa mgononi, hakwenda. Alilala ubavu kwenye maji ya kufika kifundoni, mbele ya miguu ya Kithaka, akifungua na kufunga mdomo. Mtoto angemwokota. Wambeti alirudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni.

Kithaka alimtazama samaki. Akamtazama Wambeti. Akaguna neno moja la Kimbeere ambalo halifai gazetini. Samaki akapiga mkia mara moja, akatulia, akapiga tena, akageuka, akaingia kwenye maji meusi ya kina.

"Ng'ombe ya serikali," Kithaka akasema akiangalia maji alikopotelea samaki, na akarudi kwenye migono yake.

Tukipanda ukingo nilimwuliza Wambeti anataka nini sasa, maana lisensi anayo na kipimo kimesahihishwa. Akanijibu kama mtu aliyekwisha kupanga zamani. Baraza lijalo la wavuvi ni mwezi wa kumi na mbili. Atasimama tena. Atamwomba Bwana Samaki aandike kwamba samaki mwenye mayai asivuliwe kabisa, hata kama mvuvi amebakisha ratili mia, na kwamba mvua zikianza migono yote itolewe majini mwezi mzima, yake ikiwa ya kwanza.

"Wenzako watakuchukia zaidi," nikamwambia.

"Watanichukia wakiwa wameshiba," akasema. "Na Bwana Samaki akisema hawa watu hawawezi kuachilia samaki mzuri hivyo, nitamwambia iko mmoja ameachiliwa, wa ratili nane. Akitaka shahidi, nitamtaja Kithaka. Alikuwa kwa miguu yake, na hakumshika."