Mong'ina na Watoto wa Malkia

Miaka ile ya tisini, ukiuliza pale Rongo njia ya kwenda kwa Kerosi fundi wa cherehani, watu walikuambia, fuata harufu ya nguruwe utafika. Uongo mtupu! Mong'ina, mke wa Kerosi, alifagia banda la nguruwe wake kuliko wengine wanavyofagia sebule zao. Lakini mtaa ule ulijaa Wasabato, ambao kwao nguruwe ni najisi, na Msabato akijua jirani anafuga nguruwe, pua yake husikia harufu hata ya yule aliyeuzwa mwaka jana.

Kerosi mwenyewe alikuwa Msabato, tena shemasi. Mong'ina alizaliwa Mkatoliki na Mkatoliki akabaki. Walipooana watu walitabiri vita, na vita havikuja. Jumamosi mume alienda kanisani, Jumapili mke akaenda, na siku zote mbili walikula ugali kwenye meza moja. Nguruwe tu ndio walileta maneno. Kerosi hakuwagusa wala hakuwataja kwa jina. Aliwaita "wageni wako."

"Mama Sheila," angesema bila kuinua macho kwenye cherehani, "wageni wako wanapiga kelele."

Mong'ina angecheka, angebeba ndoo ya makombo kutoka hoteli za stendi, na kwenda kuwalisha. Aliipenda kazi ile na hakuona haya kusema. Alipenda vile walivyoijua sauti ya hatua zake, na vile walivyokula kama watu waliotoka matangani.

Kwanza alikuwa na jike moja zee, Bibi, ambaye kila uzazi wake ulikuwa salama. Halafu akanunua jike jingine kutoka Rangwe, changa, jeupe, lenye mimba ya kwanza, akaliita Malkia. Alimjengea chumba chake peke yake, mbali na Bibi, chenye sakafu ya simiti. Liz, jirani yake Mjaluo, alipokiona alishika kiuno. "Yawa, Mama Sheila! Nguruwe analala kwa simiti na mimi nalala kwa udongo?"

Malkia akazaa vizuri. Wiki haikupita, watoto wakaanza kubadilika. Madoa ya kahawia yalitokea kando ya macho na nyuma ya masikio, kisha ngozi ikaanza kutoa majimaji ya mafuta, ikashika uchafu na kukauka magamba meusi. Mong'ina akafanya kile ambacho kila mfugaji wa pale angefanya: alienda gereji, akaomba oili chafu, akawapaka kama dawa ya upele. Eh! Kesho yake walikuwa wabaya zaidi, na mmoja akafa.

Jioni ile Kerosi alisema maneno yaliyomkata maini. "Mama Sheila, nimevumilia miaka. Hawa wakifa, tumemaliza. Bibi na Malkia wauzwe, banda liwe la kuku." Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomtisha Mong'ina, maana Kerosi akisema kitu polepole, amekwisha kukiamua.

Asubuhi Mong'ina alimfuata daktari wa mifugo, kijana mpole aitwaye Oliver. Oliver alichuchumaa bandani, akamshika mmoja na kumgeuza.

"Umewaona wakijikuna, mama?"

Mong'ina akafikiri. "La, hata kidogo."

"Basi si upele. Upele huwasha. Hivi ni vijidudu vimeingia kwenye michubuko." Akafungua mdomo wa yule mtoto, akamwonyesha meno membamba, makali. "Wanagombania titi, wanaumana mashavu. Na hii sakafu yako inakwaruza magoti. Kidonda kidogo tu, vijidudu vinaingia."

"Lakini watoto wa Bibi pia huumana, na hawajawahi kuugua hivi!"

"Bibi ni mwenyeji. Vijidudu vya hapa anavijua, mwili wake umeshajifunza kupigana navyo, na ile kinga huwapa watoto kwenye maziwa ya kwanza, yale ya manjano. Malkia amekuja juzi, umemfungia peke yake, tena ndio uzazi wake wa kwanza. Hajakutana navyo, angewapa nini? Safari ijayo mweke karibu na Bibi wiki kadhaa kabla hajazaa, avizoee."

"Maskini," Mong'ina akasema, akimpapasa Malkia mgongoni. "Nami nikadhani ninakutunza."

Oliver aliwakata watoto ncha za meno, akawadunga penisilini, akaagiza watandikiwe nyasi kavu, waoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni asubuhi na jioni, kisha wapakwe jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Asipakwe hata mmoja oili tena. Na yeye Mong'ina asiruke zamu hata mara moja.

Mong'ina hakuruka. Magamba yakaanza kulegea, wadogo wakaanza kunyonya. Kisha Ijumaa ikaja habari kwamba dada yake, Priscilla, amefanyiwa upasuaji wa uzazi Homa Bay na hana wa kumshika mkono. Angekataaje? Alimwomba Liz awaoshe, akamwachia sabuni na chupa ya dawa pale bandani, akaondoka. Hakumwomba Kerosi. Sabato ilikuwa inaingia jioni ile, na hata isingekuwa inaingia, asingemwomba.

Alirudi Jumamosi alasiri, Priscilla akiwa amepata nafuu. Pale njiani akakutana na Liz, macho yamevimba.

"Nisamehe, dada. Mtoto alipata malaria tangu jana, nimelala hospitali. Sijakanyaga kwako."

 Mong'ina alikimbilia uani akiwa na mfuko begani, akawaza koleo, akawaza shimo, akawaza kuku. Alifungua mlango wa banda, akasimama.

Walikuwa wananyonya wote, safi, na zambarau kutoka pua hadi mkia! Chupa nzima ilikuwa imemalizwa. Hata Malkia alikuwa na alama za vidole kwenye shavu. Kando lilikuwa beseni ambalo Kerosi huoshea miguu, na kipande cha kitambaa cha suruali kutoka kwenye cherehani yake, kimelowa maji, kikining'inia kwenye msumari.

Kerosi alirudi kutoka kanisani jua likishuka, amevaa suti, mikono yote mifukoni.

"Toa mikono, Baba Sheila."

Akaitoa. Ilikuwa zambarau mpaka kwenye vifundo.

"Ulienda kanisani hivyo?"

"Haitoki. Nimesugua mpaka na jivu." Akakohoa. "Mzee Mokaya alinishika mlangoni. Aliniambia Yesu alimtaja ng'ombe anayetumbukia kisimani siku ya Sabato. Nguruwe hakumtaja."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nguruwe si wangu. Lakini mwenye nguruwe ni wangu."

Mong'ina alijua vizuri kwamba jana yake mumewe angeweza kukaa tu kwenye kiti, asifanye lolote, na banda lingekuwa la kuku. Machozi yakamtoka, akacheka nayo. Kerosi aliangalia kilima mpaka jua likazama kabisa. Kisha akavua koti, akalitundika mlangoni, akakunja mikono ya shati.

"Sabato imekwisha," akasema. "Kuna dawa nyingine? Yule mdogo nilimsahau nyuma ya masikio."