Tovuti Iliyoacha Kusalimia

Mume wangu alikuwa ameshaanza kuomba maboksi matupu kwa wenye maduka jirani. Alisema ni ya kuhifadhia spea, lakini mimi si mtoto. Kaka yake alikuwa amempigia kutoka Mbeya kwamba kuna fremu ya duka imepatikana karibu na soko, waje wafanye biashara pamoja, kwa nini ajitese na baridi ya Sumbawanga kuuza minyororo ya baiskeli na majembe ya plau. Mume wangu kwao ni Mbeya. Kwake hilo lilikuwa kurudi nyumbani. Kwangu mimi lilikuwa kumwacha mama yangu Kasense peke yake, na magoti yake yale yanayokataa kuinuka asubuhi.

Tukabishana, tukanuniana, mwisho tukakubaliana. Tovuti yangu ikisimama imara mpaka mavuno yaishe, tunabaki. Ikianguka, maboksi yanafungwa. Sikuwa na namna nyingine, kwa sababu duka lake lilikuwa linasuasua na ni tovuti iliyokuwa inatulisha zaidi. Na wakati huohuo tovuti yenyewe ilikuwa inaumwa.

Niseme kwanza ni tovuti gani. Naandika kuhusu vifaa: pampu za mgongoni za kunyunyizia dawa, mashine za kupukuchua mahindi, taa za sola, cherehani. Naeleza kipi kinadumu na kipi ni cha kukutia hasira baada ya mwezi. Chini naweka linki ya duka moja la Dar es Salaam. Msomaji akiibofya akanunua, mzigo unapandishwa basi hadi stendi yetu, nami napata kamisheni. Mama yangu aliposikia maelezo hayo yote akasema, "Kumbe udalali." Nilichukia siku nzima, halafu nikaona hajakosea.

Niliijenga kwa ule mfumo wa bure ambao hata asiyejua lugha za kompyuta anaingia, anaandika, anabandika picha, anabonyeza Chapisha. Siku ya kwanza kabisa kilifunguka kisanduku cheupe kikiniambia nianze kuandika. Mimi nimelelewa Kasense, katika boma ambalo mwanamke akiingia uani na kuanza na shida yake, watu wanatazamana na kujiuliza amefukuzwa na nini. Kwanza unainama, unapiga viganja taratibu, unauliza wameamkaje, watoto, shamba, mgonjwa wa juzi. Ukishajibiwa ndipo useme umefuata chumvi. Kwa hiyo nikasalimia. Niliandika kwamba huku mtaani kwetu Malangali tumeamka salama, upepo umeezua banda la kuku, maharage yameanza kutoa maua, je, ninyi mmeamkaje? Ndipo nikaingia kwenye pampu.

Baadaye nikajifunza kuweka salamu hiyo mahali pamoja ikatokea juu ya kila ukurasa. Kila Jumapili nikitoka kanisani naibadilisha. Naweka habari ya mvua, ya magoti ya mama, ya duka la mume wangu, ya jogoo wetu mkorofi. Sikuona kama ni jambo la maana. Niliona ni adabu tu, kama kufuta miguu mlangoni.

Basi, kuumwa kwenyewe. Duka la Dar liliwatumia ujumbe mawakala wake wote kwamba tovuti zetu zitakaguliwa. Ziwe nyepesi kwenye simu ndogo, linki ziwe za mtindo mpya, na msomaji aelezwe waziwazi kwamba tunapata kamisheni. Atakayeshindwa anaondolewa. Yangu ilikuwa nzito vibaya. Picha nilizipandisha vilevile zilivyotoka kwenye simu, plagini, yaani vile viprogramu vya nyongeza, nilizirundika nyingine sijui hata zilikuwa zinafanya nini, na linki nilizibandika moja moja kwa mkono, ukurasa hadi ukurasa. Themu yake, yaani lile vazi la tovuti, ilikuwa imeachwa na walioitengeneza. Ukiifungua kwenye simu ya bei rahisi, unaweza kwenda kuteka maji ukarudi bado inazunguka.

Nikajifungia. Nilichukua kwanza nakala ya akiba ya kila kitu, maana mtandao wetu ukipigwa na upepo unakatika katikati ya kazi. Nikapunguza picha. Nikafuta plagini zisizo na kazi. Linki zote nikazihamishia sehemu moja, ili duka likibadilisha anwani nibadilishe mara moja tu na kurasa zote zifuate. Kazi hiyo ilinipa raha ambayo siwezi kumweleza mtu asiyewahi kupekua kurasa zaidi ya mia akitafuta linki moja iliyokufa. Kuhusu kamisheni niliandika: "Ukinunua kupitia hapa na mimi napata changu, ila wewe huongezewi bei." Mume wangu alisoma akasema ninaongea kama niko mnadani.

Halafu nikachagua themu mpya. Ilikuwa ya kisasa, imetulia, ina utepe mweusi juu na nafasi nyingi nyeupe. Chini ya kila ukurasa ilitaka picha ya mwandishi. Nikaweka yangu ya kitambulisho, nimekaza uso. Themu yenyewe ikaikata mduara na kuifanya ya rangi ya kijivu. Nikaona nimependeza, kama watu wa vitabu. Salamu haikuwa na pa kukaa. Mafunzo yote niliyoyatazama yalisisitiza msomaji aione bidhaa papo hapo, usimpotezee muda. Nikaitoa. Na namba yangu ya simu, iliyokuwa palepale kwenye salamu, ikaondoka nayo bila mimi kutambua.

Mkaguzi wa duka akaipitisha. Nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni. Nilimwambia mume wangu arudishe maboksi ya watu.

Hakuyarudisha, na alikuwa na haki. Wiki hiyohiyo kubofya kulikoma. Takwimu zilionyesha wasomaji wanakuja, wanafungua ukurasa, wanakaa kidogo, wanaondoka. Linki hazikuguswa. Na huo ndio ulikuwa msimu wenyewe, mahindi yameshakauka na watu wanatafuta mashine za kupukuchua. Nilipima kasi ya tovuti, ikawa nzuri. Nilibofya linki zangu moja moja, zote zilifika dukani. Nikabadilisha rangi ya vitufe, nikairudisha. Nikawa mkali nyumbani mpaka paka akahamia kwa jirani. Kila nikipita ukumbini naona maboksi yale yamepangwa, nami napata hofu ya kweli. Jumamosi nikaenda Kasense kumtekea mama maji na sikumwambia kitu. Nilimtazama anavyoshika ukuta ili ainuke, nikarudi nyumbani.

Sasa ilikuwa asubuhi, nimekaa uani kwenye mkeka napembua maharage, simu nimeiacha kwa jirani inachajiwa kwa sababu kwetu umeme wa luku ulikuwa umekwisha. Nikaona mume wangu anaingia mbio. Mume wangu ni mnene, hakimbii. Alisimama mbele yangu anahema, akanishika mabega, akanitazama kama vile nimeazimwa na mwenyewe anakuja kunichukua.

"Uko hai?"

"Ningekuwa nimekufa, nani anapembua haya maharage?"

Akakaa chini palepale kwenye vumbi na suruali yake safi. Ikabidi nimsubiri apate pumzi. Kumbe kuna watu wamefika dukani kwake, wanawake wamejitanda khanga kichwani, wanauliza msiba wa yule mama wa tovuti uko nyumba gani. Alicheka, akawaambia mke wangu nimemwacha anakunywa uji. Mmoja wa wale wanawake akaangua kilio, akasema maskini mwanaume bado hajaambiwa. Hapo ndipo na yeye akatishika. Akanipigia simu, haikupokelewa. Akafunga duka.

Hawakuchelewa kufika nyuma yake. Walikuwa watatu: mzee mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, mke wake, na jirani yao, mama wa Kifipa wa makamo. Wote wanaishi kijijini, upande wa Mwazye, na wanasoma tovuti yangu kwenye simu moja, ya yule mzee. Mke wa mzee alikuwa amebeba unga kichwani, na jirani ana kuku kwapani. Waliponiona nimesimama na ungo wangu, walisimama getini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba," akajibu, lakini kwa mashaka. "Ni wewe mwenyewe?"

"Ni mimi. Karibuni, jamani. Nani amekufa?"

"Wewe."

Nilicheka mpaka nikamwaga maharage. Wao hawakucheka. Nikawakaribisha mkekani, nikaenda kuweka maji ya chai, na niliporudi mzee alikuwa ameitoa simu yake na kunifungulia tovuti yangu mwenyewe. Nikaiangalia kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa upande wa msomaji. Juu utepe mweusi. Chini uso wangu wa kijivu ndani ya mduara, na pembeni yake jina langu kamili. Ilikuwa tanzia. Hakukuwa na jina jingine la kuiita.

"Hiyo picha tuliivumilia," akasema yule mama wa Kifipa. "Tukasema labda ni mambo ya kisasa. Ila Jumapili ikapita, salamu hakuna. Ikapita nyingine, hakuna. Nikamwambia mzee, huyu dada si mtu wa kuacha kusalimia watu akiwa mzima."

"Mbona hamkupiga simu? Namba yangu si mnayo?"

Akanishangaa. "Mwanangu, nani anampigia marehemu?"

Nikamuuliza mzee kama ndiyo sababu hawakubofya pia. Akasema yeye pampu ya dawa ya kupe anaihitaji tangu mwezi uliopita, na alishamaliza kuchagua. Lakini aliona ni aibu kununua vitu kwa mtu ambaye hata arobaini yake haijafika. Walisubiri kwanza mazao yatoke shambani, ndipo waje wahani kama watu. Na kule kwao, akasema, si wao tu. Wengi walikuwa wanasubiri kusikia watoto wameachiwa nani.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Mzigo ulinitoka mabegani, nikahisi hata pumzi inashuka mpaka chini. Tovuti haikuwa mbovu. Watu hawakuwa wamenichoka. Walikuwa wananililia. Nilitaka kumkumbatia yule mzee, adabu ikanizuia, nikamkumbatia mkewe.

Kuku tulimchinja. Yule mama alikataa katakata kurudi naye, akasema hawezi kupita njiani na kuku wa msiba ambao haukuwepo. Kwa hiyo nilikula paja la kuku wa matanga yangu mwenyewe, na unga wa matanga yangu nikausonga ugali, nikaongeza mboga. Mume wangu alinichekea kila tonge. Chakula kilipokwisha nikafuata simu yangu kwa jirani, nikachukua laptopu iliyobaki na chaji kidogo nikaileta mkekani, wageni wakiwa wamenizunguka. Utepe nikaupaka kijani. Picha nikaitoa, mume wangu akanipiga nyingine palepale nikiwa na ungo, ninacheka, nayo nikaikatalia themu isiitie ukijivu. Nilijenga nafasi ya salamu juu kabisa, nyepesi, haizuii ukurasa kufunguka haraka, na namba ya simu chini yake. Nikaandika kwamba mimi ni mzima, kwamba nawashukuru waliokuja na wale waliokuwa wanajiandaa kuja, na kwamba wasilete tena unga.

Mzee akafungua kwenye simu yake. Alisoma polepole, midomo inacheza. Alipomaliza akanijibu kwa sauti kana kwamba nimemsalimia wakati huo, "Na sisi tumeamka salama." Halafu akateremka hadi kwenye pampu yake, akabofya.

Siku zilizofuata simu yangu haikupoa. Watu walipiga kunipa pole kwa kutokufa. Kubofya kulirudi, kukazidi hata kule kwa zamani, kwa sababu sasa ukurasa ulikuwa unafunguka kabla mtu hajakasirika. Duka halikulalamikia salamu, walichojali wao ni kasi na linki. Habari zikamfikia mama kule Kasense, akatuma ujumbe kwamba ningethubutu kufa bila kumuaga angenichapa.

Mavuno yalipoisha, mume wangu alimpigia kaka yake. Nilikuwa jikoni namenya viazi, dirisha liko wazi, na yeye alikaa kwenye ngazi nje. Nilimsikia anamwamkia, anauliza hali ya familia, anazungukazunguka.

"Hapana kaka, hatuji," akasema. "Fremu mpe mtu mwingine. Sikiliza, kaka. Hapa mke wangu hajafa, na watu wamefika na kuku kumzika. Nikimleta huko, siku akiacha kusalimia, nani atajua?"