Damu ya Magesa na Barafu ya Mama

Nilikwenda Ukerewe kufuata damu ya mtu. Ninalisema hili mapema ili msomaji asinifikirie vibaya. Nilikuwa nimerudi Mwanza na shahada ya ng'ambo ya kupandikiza uboho, yaani kumpa mgonjwa wa saratani ya damu uboho wa mtu mwenye afya ili umtengenezee damu mpya. Hapa nyumbani hapakuwa na chombo hata kimoja cha kazi hiyo, na wenzangu waliniita Profesa wa Mbinguni. Kisha akaja Mwalimu Veronika wa Mkuyuni, akiumwa saratani hiyo hiyo. Hospitali niliyosomea huko ng'ambo ilikubali kumtibu, mradi damu ya mdogo wake Magesa ioane na yake. Hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja. Naye Magesa, mvuvi wa Nansio, alikataa katakata kuja mjini kwa sababu aliogopa sindano.

Alhamisi asubuhi nikapanda meli. Ijumaa jioni damu ilitakiwa iondoke na ndege ya mizigo inayopeleka minofu ya sangara Ulaya, kwani rubani wake alikubali kunibebea kiboksi. Ziwa lilichafuka. Nilitapika mbele ya abiria walionipa pole huku wakicheka, na shahada yangu haikunisaidia chochote.

Nansio, mchana, mama yao alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Kula kwanza."

Nikala ugali wa muhogo na sato mpaka nikashindwa kuinama. Ndipo akaitwa Magesa, pande la mtu, anayemvuta sangara mkubwa kuliko mbuzi bila kuomba msaada. Alipoona sindano alifumba macho, akamwita mama yake, akazimia. Nilishukuru, maana aliyezimia hasogezi mkono.

"Mara moja tu, dokta," alisema alipozinduka. "Sirudii."

Niliweka vichupa vya damu juu ya kabati, nikajinyoosha mkekani kidogo. Nilipoamka kabati lilikuwa tupu.

"Nimekuhifadhia," mama akasema kwa furaha, akanipeleka uani. Alifunua sanduku la samaki. Vichupa vyangu vilikuwa vimelala ndani ya barafu, katikati ya sato wawili. "Si umesema inakwenda Ulaya? Kila kinachokwenda Ulaya kinawekwa barafu. Kiwandani wanatugombeza kila siku."

Nilitaka kulia. "Mama, hii ilitakiwa ifike chembe zake zikiwa hai, wala haikuhitaji baridi. Barafu imeshaiharibu."

Akakaa chini palepale. "Nimemuua Veronika?"

Hapo hakuna aliyecheka. Nilimwambia hapana, tutatoa nyingine, lakini macho yangu yalikuwa kwa Magesa. Alikuwa amelishika lile tundu la sindano mkononi.

"Hapa sichomwi tena," akasema. "Twende Mwanza. Nichomwe mbele ya dada."

"Huko hutazimia?" mama akamuuliza.

"Nitazimia, mama. Lakini nitaangukia karibu naye."

Ijumaa asubuhi tulivuka pamoja. Ziwa lilichafuka tena, na Magesa alinishika mabega nisiende majini na kifungua kinywa changu. Nilimpenda sana yule bwana siku ile.

Wodini, Veronika alimshika mkono. Magesa alimtazama dada yake alivyodhoofu, akanyoosha mkono mwenyewe, akachomwa, na kama alivyoahidi akaanguka, safari hii juu ya kitanda cha mgonjwa. Veronika alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nilipomtajia ugonjwa wake. Vichupa nilivifunga kwa pamba, nikamkabidhi rubani na kumsihi avitenge mbali na samaki.

Miaka yote nilidhani kazi yangu ni kujua namna ya kusafirisha damu. Hii ilivuka ziwa ndani ya mwenyewe, na woga wake wote, na ndiyo iliyofika salama.

Jibu lilikuja: damu zao zinaoana. Nilimweleza Magesa kwamba sasa lazima aende ng'ambo na dada yake, na kwamba sindano ya kutoa uboho huchomwa nyongani na ni ndefu zaidi. Akajishika nyonga.

"Tutapanda ile ndege ya samaki?"

"Hapana. Ya abiria."

"Basi barafu haipo," akasema, akaenda kutafuta viatu.